Ufunguo haugeuki: maswali ya kila siku kuhusu kubadilisha silinda ya swichi kwenye Toyota za miaka ya tisini

Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa tatizo la swichi ya kuwashia ni Toyota za miaka ya tisini: Corolla 100 na 110, Carina Ti, Mark II, Hilux. Yaliingia nchini yakiwa mtumba kutoka Japani, yakapita kwa wenye watatu wanne, na ufunguo ukachongwa nakala ya nakala. Mwenye gari anafika amekasirika, mara nyingi silinda mpya ameshainunua njiani. Ningependa asome hapa kabla ya kufungua pochi.

Tuelewane kwanza kwenye majina, maana dukani kila kitu kinaitwa "swichi". Silinda ni kile kipande cha duara unachochomeka ufunguo. Nyumba ya loki ni chuma kilichoshika silinda na kufungwa kwenye nguzo ya usukani, na ndani yake mna kipini kinachofunga usukani. Swichi ya umeme ni plastiki yenye nyaya iliyoko nyuma kabisa. Ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja huharibika kivyake.

Fundi, ufunguo umegoma kugeuka kabisa. Silinda imekufa?

Huenda haijafa. Shika usukani, uusukume taratibu kushoto na kulia huku mkono mwingine ukijaribu kugeuza ufunguo. Ukiegesha na tairi zimekata kona, au zimeegemea ukingo wa barabara, usukani hukandamiza kile kipini cha loki kiasi kwamba ufunguo hauwezi kukivuta. Ukiupunguzia usukani mzigo, ufunguo unageuka kama kawaida.

Nikiwa bado najifunza kazi, niliukamata ufunguo wa mteja kwa koleo nikaukaza. Ukakatikia ndani. Baadaye fundi mkuu alinionyesha kwamba tairi ya mbele ilikuwa imebana kwenye jiwe, basi. Mama yule alilipa nauli siku tatu kwa kosa langu. Tangu siku hiyo koleo halisogei karibu na ufunguo kwenye gereji yangu, na wewe pia usikubali mtu akushikie ufunguo wako kwa koleo.

Nitajuaje kama tatizo ni silinda, swichi ya umeme au ufunguo wenyewe?

Angalia gari inafanya nini, kisha fuata dalili.

Ufunguo hauingii vizuri, au unaingia lakini haugeuki hadi uuchezeshe-chezeshe: tatizo liko kwenye ufunguo au silinda. Kama una ufunguo wa akiba ambao haujatumika sana, ujaribu kabla ya kitu kingine chochote. Ukigeuka vizuri, silinda haina kosa.

Ufunguo unageuka laini lakini taa za dashibodi haziwaki, au zinawaka na kuzima ukiutikisa: hapo tazama swichi ya umeme na plagi yake, baada ya kuhakikisha betri na teminali zake ni nzima. Injini inayowaka ukishikilia START (hatua ya mwisho ya ufunguo) na kuzima mara tu ukiachia, nayo mara nyingi inatokana na kontakti zilizoungua ndani ya swichi ya umeme. Kubadilisha silinda hapo ni kutupa pesa. Kwenye Toyota hizi swichi ya umeme imeshikwa na skrubu mbili tu nyuma ya nyumba ya loki, na hutoka bila kugusa silinda.

Ufunguo unazunguka bila kukamata kitu, kama kijiko kwenye kikombe kitupu: ulimi wa nyuma ya silinda umekatika. Hapo silinda inabadilishwa.

Ufunguo unatoka huku injini inaunguruma: silinda imelika. Usiendelee kuendesha ukisema utatengeneza mwisho wa mwezi.

Kwa nini mafundi mnalaumu ufunguo?

Ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo sahihi ukiingia, kila jino linainua kibati chake hadi kinalingana na ukingo wa silinda, na hapo silinda inaruhusiwa kuzunguka. Kibati kimoja kikibaki juu au chini kwa unene wa ukucha, haizunguki.

Sasa fikiria ufunguo uliotumika miaka ishirini na tano. Meno yamelika. Unaupeleka kwa mchonga funguo, mashine yake inafuata meno yale yale yaliyolika na kuongeza kosa lake dogo. Mwenye gari anayefuata anachonga nakala kutoka kwenye ile nakala. Mtu wa nne anashika ufunguo unaofanana na ule wa kwanza kwa sura tu. Ndiyo maana silinda moja inafunguka asubuhi na kugoma jioni.

Dawa yake ni kuchonga ufunguo kwa namba, si kwa kufuata meno. Gari jipya huja na namba ya ufunguo kwenye kibati kidogo cha chuma, na kwenye baadhi ya magari namba hiyo imegongwa juu ya kitasa cha mlango, ukikitoa utaiona. Kibati kile kwa kawaida hubaki Japani, lakini kitasa kimekuja na gari. Mchonga funguo anayejua kazi anaweza pia kutoa silinda, kusoma vibati kimoja kimoja na kuchonga ufunguo kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Ningependa uanze hapo kabla ya kununua silinda.

Nimeambiwa nipulizie mafuta ndani. Ni sawa?

Usiweke grisi wala oili ya injini. Inalainisha wiki moja, kisha inakamata vumbi na kugeuka matope yanayozuia vile vibati kushuka. Kwetu huku pwani kuna na chumvi ya hewani, kwa hiyo matope yale yanakauka na kuwa magumu.

Kama silinda imejaa uchafu, ioshe kwa WD-40 au dawa ya kusafishia kontakti za umeme, ingiza na kutoa ufunguo mara nyingi huku ukiufuta kila unapotoka, uache pakauke. Kisha tumia unga wa grafaiti. Huna? Sugua meno ya ufunguo kwa penseli ya kawaida hadi yawe meusi, uingize na kutoa mara kadhaa. Penseli ya shule imeokoa silinda nyingi.

Ufunguo umeingia, umezima gari, sasa hautoki.

Kama gari ni otomatiki, hakikisha gia imekaa P sawasawa. Usukume mkono wa gia mbele tena. Gari ikiamini haiko P, haikuachii ufunguo.

Kama ni manyuo, kwenye Toyota nyingi lazima uusukume ufunguo ndani kidogo ndipo uvuke kutoka ACC (hatua ya kuwasha redio tu) kwenda LOCK (hatua ya kufunga usukani). Imewekwa hivyo makusudi, ili mkono usije ukafunga usukani gari ikiwa mwendoni. Watu waliozoea otomatiki huhangaika sana na hili.

Fundi wa mtaani anataka kunifungia kitufe cha kuwashia, tuachane na ufunguo. Nikubali?

Kataa. Naandika kwa uchungu, maana naletewa magari hayo kila mara.

Anayekufungia kitufe lazima aondoe au avunje loki ya usukani, vinginevyo gari haitakata kona. Akiivunja nusu, kipande cha kile kipini kinabaki ndani ya nyumba ya loki, na siku moja ukipita kwenye matuta kinaweza kushuka kwenye mfereji wake na kuufunga usukani ukiwa barabarani. Hilo peke yake linatosha kukataa. Kuna na upande wa nyaya: waya unaolisha swichi ya kuwashia unabeba umeme mwingi, na kitufe cha bei rahisi pamoja na waya mwembamba uliofungwa kwa selotepu hupata joto. Nimeshafungua dashibodi nikakuta plastiki imeyeyuka, na mwenyewe anasema alikuwa akinusa harufu "kidogo" kwa miezi.

Na gari ambayo mtoto anaweza kuiwasha kwa kidole haipaswi kulala uani kwako.

Ninunue silinda mpya au ya mtumba?

Mimi huangalia nani ameshika ya mtumba kabla yangu. Silinda ya mtumba ya Toyota yenyewe, iliyotoka kwenye gari lililokatwa na ikaja na ufunguo wake halisi, mara nyingi inadumu kuliko mpya ya bei ya chini. Ile mpya ya bei rahisi inakuja na funguo mbili zinazong'aa, lakini shaba yake ni laini na ulimi wake wa nyuma ni mwembamba. Mpya halisi ya kampuni ni bora kuliko zote ukiipata na ukiimudu.

Iwe unanunua Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au duka la mtaani kwenu, beba ile ya zamani mkononi. Ziweke sambamba utazame urefu, umbo la ulimi wa nyuma, na mahali kilipo kipini kidogo cha ubavuni kinachoishikilia silinda isitoke. Chomeka ufunguo wake ugeuze mara kumi pale pale kaunta. Omba risiti, na kwa vitu vya usalama wa gari kama hivi usinunue kwa mtu anayetembeza mkononi. Silinda isiyo na ufunguo wake usiichukue hata ukipewa bure.

Naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

Kama ufunguo wako bado unaweza kufika ACC, ndiyo, na haitakuchukua hata saa moja. Unahitaji spana namba 10 ya teminali ya betri, bisibisi ya nyota, na kitu chembamba kigumu cha kusukumia pini: bisibisi ndogo ya fundi saa, au msumari mwembamba ulionyooka.

Nielekeze basi, hatua kwa hatua.

Egesha mahali tambarare, tairi zikiwa zimenyooka. Vuta handbreki. Zima kila kitu, toa teminali ya hasi ya betri, kisha subiri. Nitaeleza sababu ya kusubiri kwenye swali la airbag, ule mfuko wa hewa unaofunguka gari ikigonga.

Fungua kifuniko cha plastiki kinachozunguka nguzo ya usukani. Skrubu zake ziko chini, kwa kawaida tatu. Nyingine hujificha nyuma ya usukani na huonekana ukiuzungusha robo. Plastiki za umri huu ni kavu, kwa hiyo achanisha vifuniko kwa vidole, taratibu, ukianzia ubavuni. Ukitumia bisibisi kama mtaimbo utavunja vishikizo, halafu kifuniko kitapiga kelele maisha yake yote.

Sasa unaiona nyumba ya loki. Kama kuna pete ya taa au plagi ndogo ya mlio wa kukumbusha ufunguo, iondoe na uweke pembeni. Tafuta tundu dogo kwenye nyumba ya loki, karibu na uso wa silinda. Ndani ya tundu hilo ndipo kilipo kipini kinachoishikilia silinda isitoke.

Chomeka ufunguo, geuza hadi ACC. Hapa ndipo wengi wanapokwama: kwenye LOCK kipini hakishuki hata ukisukuma kwa nyundo, kwenye ON pia hakishuki. Ni ACC tu. Wakati mwingine alama iliyoandikwa na mahali halisi vinatofautiana kidogo kwa sababu ya kulika, kwa hiyo chezesha ufunguo kidogo huku na huku ukiwa umekandamiza kile kipini. Ukikipata utasikia kimezama. Bila kuachia, vuta ufunguo kuja kwako. Silinda nzima inafuata.

Kabla ya kuweka mpya, chungulia ndani kwa tochi. Ondoa uchafu kwa brashi kavu na uangalie kama kuna kipande cha chuma kilichodondoka. Kikiwepo, kitoe chote.

Silinda mpya nayo iweke ACC, ukiwa na ufunguo wake ndani. Ielekeze ulimi uingie kwenye mfereji wake, sukuma huku ukibonyeza kipini, hadi kiruke ndani ya tundu na kulia "tak". Vuta kwa nguvu uone kama inatoka. Isipotoka, umeifunga.

Ufunguo haufiki hata ACC. Nifanyeje?

Hapo kazi inabadilika, na ningekushauri uite mchonga funguo aje na vifaa vyake kabla hujaita mtu wa drili. Ufunguo mmoja uliochongwa kwa namba unaweza kugeuza silinda mara moja ya mwisho, na mara moja inatosha kuitoa. Mchonga funguo mzoefu anaweza pia kuvipanga vibati kwa mkono hadi silinda ifike ACC.

Ikishindikana, kuna njia mbili: kuitoboa silinda, au kuitoa nyumba nzima ya loki. Kutoboa kunahitaji mkono uliotulia, maana drili ikipita kina inaharibu na nyumba, na umegeuza kazi ndogo kuwa kubwa. Mimi huwa natoa nyumba nzima.

Hizo bolti za nyumba ya loki mbona hazina kichwa?

Kiwandani zilikuwa nacho. Zimetengenezwa zikazwe hadi kichwa kikatike, ibaki mviringo laini isiyoshikwa na spana, ili mwizi asiweze kuing'oa loki. Kuzitoa unapiga alama katikati kwa senta panchi, unatoboa, kisha unaingiza ekstrakta ya kufungulia bolti iliyokatika. Ikiwa bahati iko upande wako, patasi kali na nyundo ndogo ukigonga ukingo kuelekea upande wa kufungua huzungusha bolti bila kutoboa.

Wakati wa kurudisha weka bolti mpya za aina hiyo hiyo, ukaze mpaka vichwa vikatike. Nimekuta magari yamefungwa bolti za kawaida, na mawili yamefungwa kwa waya.

Kuna airbag kwenye usukani. Niogope?

Kuwa makini. Kwa kazi hii hutoi usukani, kwa hiyo huigusi. Lakini Toyota wanaelekeza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kuweka ufunguo LOCK na kutoa teminali ya hasi, kwa sababu mfumo wa airbag unabaki na akiba ya umeme. Mimi husubiri dakika tano, nakunywa maji. Nyaya na plagi za rangi ya manjano ni za airbag: usizipime kwa taa ya kupimia, usizikate, usizivute.

Ufunguo wangu una chipu. Silinda mpya itawasha gari?

Magari ya mwishoni mwa miaka ya tisini kuja huku mengine yana chipu ndani ya kichwa cha ufunguo na pete ya waya inayozunguka mdomo wa silinda. Silinda mpya itageuka vizuri na injini haitawaka, kwa sababu kompyuta ya gari inaitambua chipu ya zamani. Hamisha ile pete kwenye silinda mpya, halafu ama chipu ya zamani ihamishiwe kwenye kichwa cha ufunguo mpya, ama fundi wa kompyuta aisajili mpya. Ufunguo wa zamani usiutupe hadi hilo liishe. Corolla 110 nyingi ninazozipata hazina chipu, tafadhali thibitisha ya kwako.

Kwa hiyo nitatembea na funguo mbili, wa mlango na wa kuwashia?

Ukinunua silinda peke yake, ndiyo. Watu wengi wanakubali hivyo. Ukitaka ufunguo mmoja, mpe mchonga funguo silinda mpya na ufunguo wako wa mlango kabla haijafungwa. Atapanga vibati upya vifuate ufunguo huo. Au nunua seti kamili iliyotoka gari moja: silinda, vitasa vya milango na cha buti.

Mnyororo wangu una funguo kumi na mbili na kopo la kufungulia soda. Una madhara?

Una madhara. Uzito ule unaning'inia kwenye silinda na kucheza kila ukikanyaga shimo, na silinda inalika kutoka ndani. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 yarudi kurekebishwa, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu kiasi kwamba mtikisiko au mnyororo mzito uliweza kurudisha ufunguo nyuma kutoka ON. Injini ilizima mwendoni na airbag hazikufunguka. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Toyota yako haina kasoro ile ya kiwandani, lakini silinda iliyolika kwa miaka hii yote inaweza kuwa legevu vile vile. Ufunguo wa gari uwe peke yake.

Land Rover ya baba ina ufunguo kwenye dashibodi. Maelekezo haya yanafaa?

Hapana. Zile Land Rover za zamani za Series II hazina loki ya usukani. Swichi imefungwa kwenye paneli yenyewe, na kazi yake ni ya umeme zaidi kuliko ya kufuli.

Nimemaliza kufunga. Nijaribu nini kabla ya kurudisha vifuniko?

Rudisha teminali ya betri. Toa ufunguo, zungusha usukani hadi ufunge. Chomeka ufunguo, peleka ACC, usukani uachie. Peleka ON, taa za dashibodi ziwake. Peleka START, achia mkono: ufunguo lazima urudi wenyewe ON. Ukibaki kwenye START, zima upesi, maana stata itaendelea kuzunguka pamoja na injini na kuungua. Rudia zoezi zima mara ishirini bila haraka. Halafu, injini ikiwa inanguruma na gari imesimama, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwa pande zote mbili, ukisikiliza kama kuna kitu kinagusa.

Silinda ya zamani niitupe?

Ihifadhi pamoja na ufunguo wake. Vibati na springi zake zitamfaa mchonga funguo siku nyingine. Na ule ufunguo mpya wa pili uliokuja na silinda usiutumie kabisa: ufunge kwenye karatasi iliyoandikwa namba ya gari, uuweke nyumbani. Siku utakapohitaji nakala, chonga kutoka kwa huo.